Kugawa Ufunguo wa Mthibitishaji: Dawa ya Ugonjwa Upi?

Septemba 2025 wathibitishaji 39 wa Ethereum, mtandao wa sarafu ya kidijitali iitwayo ETH, walikatwa dhamana kwa mkupuo mmoja. Walikuwa wanaendeshwa kupitia SSV, mtandao uliojengwa mahsusi ili balaa kama hilo lisitokee. Katika SSV ufunguo wa siri wa mthibitishaji hugawanywa vipande, na kila kipande husimbwa na kukabidhiwa kwa mwendeshaji wake, yaani mwenye seva inayofanya kazi hiyo. Hakuna mwendeshaji anayeushika ufunguo mzima. Maelezo ya SSV baada ya tukio yalikuwa kwamba itifaki yao haikuvunjwa: funguo zilezile zilikuwa zinatumika pia nje ya mfumo wao, na mashine za pande mbili zikaweka sahihi zinazopingana.

Mashabiki wa teknolojia hii wakashusha pumzi wakisema basi, haina kosa. Wakosoaji wakauliza faida yake ni ipi ikiwa mteja anaweza kuungua hivyo hivyo. Nadhani wote walipita kando ya jambo. Kugawa ufunguo ni tiba nzuri ya ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo sio ule unaotajwa kwenye matangazo.

Tuanze na kazi yenyewe. Tangu Septemba 2022, Ethereum ilipoachana na uchimbaji uliokuwa ukila umeme, miamala inathibitishwa na watu walioweka dhamana ya angalau ETH 32. Kila sekunde 12 kuna zamu ya bloku mpya, yaani fungu la miamala linaloongezwa kwenye mnyororo, na kila zamu 32, yaani dakika sita na kitu, kila mthibitishaji hupiga kura moja kueleza mnyororo anaoutambua. Kura hiyo hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri. Kwa hiyo ufunguo huu hauwezi kufungiwa kabatini kama ule wa mkoba wa sarafu. Lazima ukae macho kwenye seva, usiku na mchana.

Hapa kuna jambo ambalo wageni wengi hulikosa. Ufunguo wa uthibitishaji hauwezi kutoa fedha. Fedha hutoka kwa anwani nyingine kabisa, ambayo mwenye busara huiweka mbali na intaneti. Mwizi aliyeiba ufunguo wa uthibitishaji anaweza kufanya mambo mawili: kumtoa mthibitishaji kazini, au kuweka sahihi mbili zinazopingana ili dhamana ikatwe. Yaani anaweza kukuharibia au kukudai pesa ili asikuharibie, lakini hawezi kuondoka na ETH zako 32.

Hatari za mwenye dhamana, basi, ni mbili. Kuzimika ni moja: seva ikilala, unapoteza kila siku takriban kile ambacho ungekipata. Kusaini mara mbili ni ya pili, na adhabu yake ni ya kufukuzwa. Mthibitishaji hukatwa sehemu ya dhamana, huwekwa kizuizini takriban siku 36 huku akiendelea kutozwa, na katikati ya muda huo hupigwa faini nyingine inayokua kulingana na wangapi wamekatwa wakati mmoja naye. Ukiponzwa peke yako, unaumia kidogo. Theluthi nzima ya mtandao ikiponzwa pamoja nawe, dhamana yote inakwenda.

Ukifuatilia historia ya makato haya, utakuta mwizi hatajwi sana. Februari 2021 wathibitishaji 75 wa kampuni ya Staked walikatwa kwa sababu ya mpangilio wa mashine za kampuni yenyewe. Oktoba 2023 ikawa zamu ya wathibitishaji 20 wa Launchnodes, mmoja wa waendeshaji wa Lido, kundi linalokusanya dhamana za watu wengi, na chanzo kikawa cha aina hiyohiyo. Simulizi huwa ni ileile: mtu anaogopa seva kuzimika, anaandaa seva ya akiba yenye ufunguo uleule, na siku moja zote mbili zinaamka. Kwa kuikimbia adhabu ndogo, anaangukia kubwa.

Hapo ndipo ugawaji unapoingia. Hesabu yake ni ya mwaka 1979, Adi Shamir alipoonyesha namna ya kugawa siri ili idadi fulani ya watu waweze kuirudisha na pungufu ya hapo wasijue lolote. Jiometri ya sekondari inatosha kuielewa: nukta mbili zinatosha kuchora mstari mmoja ulionyooka, na mkunjo wa parabola unahitaji tatu. Ficha siri ndani ya mkunjo, wape watu wanne nukta moja moja, na yeyote mwenye nukta mbili tu atabaki na mikunjo isiyo na idadi inayopita hapo. Wanakikundi wa VICOBA wanalijua wazo hili kwa sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, ila sanduku lile halifunguki mmoja akisafiri, wakati hapa watatu kati ya wanne wanatosha.

Ethereum inaongeza uzuri mwingine. Aina ya sahihi inayotumika, BLS, inaruhusu vipande vya sahihi kujumlishwa. Kila mwendeshaji anatia sahihi kwa kipande chake, vipande vitatu vya sahihi vinaunganishwa, na kinachotoka ni sahihi ileile ambayo ufunguo mzima ungeitoa. Ufunguo haukusanywi tena mahali popote. Mtandao wa Ethereum wenyewe hauwezi hata kutambua kwamba nyuma ya mthibitishaji huyu wapo watu wanne.

Hoja ya wanaounga mkono ina uzito kuliko wanavyoieleza wenyewe. Wao hupenda kuzungumzia wadukuzi. Mimi ningezungumzia hesabu ya kuzimika. Chukua waendeshaji ambao kila mmoja yuko hewani asilimia 99 ya muda. Ukimtegemea mmoja, unazimika takriban siku tatu na nusu kwa mwaka. Ukiwa na wanne, watatu wakitosha, na kuanguka kwa mmoja hakuhusiani na kuanguka kwa mwingine, kundi linakuwa hewani asilimia 99.94. Hiyo ni kama saa tano za kuzimika kwa mwaka mzima. Umeupata uhakika huo bila seva ya akiba yenye nakala ya ufunguo, na nakala hiyo ndiyo iliyowaponza waliotangulia. Sababu ya kosa imeondolewa, na hilo kwa maoni yangu ndilo jambo kubwa kuliko usimbaji wote unaonadiwa.

Faida hiyo inaenda mbali zaidi ya umeme na diski. Mei 2023 Ethereum ilishindwa kukamilisha maafikiano mara mbili ndani ya siku mbili kwa sababu baadhi ya programu za nodi, yaani kompyuta zinazouendesha mtandao, zilielemewa. Januari 2024 hitilafu katika programu ya Nethermind iliwasimamisha wengi walioitegemea. Kundi ambalo kila mwendeshaji wake anatumia programu tofauti huvuka dhoruba kama hizo bila hata mwenye dhamana kujua. Lido, kundi kubwa kuliko yote katika biashara hii, lilianza mwaka 2024 kuwapokea waendeshaji wadogo kwa mtindo huu, wakiwa saba saba na sahihi tano zikitosha, kupitia SSV na mwenzake Obol. Watu binafsi ambao peke yao wasingeaminiwa na mtu, wakiwa saba wanaaminiwa.

Kwa aliye Dar es Salaam au Nairobi hoja hii ina ladha ya pekee. Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na nchi kadhaa za ukanda huu zikabaki na intaneti ya kusuasua. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ya Tanzania ilizimwa na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Mwendeshaji wa Dar aliyekuwa kwenye kundi la wanne na wenzake wako Ujerumani, Brazil na Japani angetoweka, na kundi lingeendelea kusaini. Bila ugawaji, mtu huyu si mshirika anayefaa. Nodi nyingi za Ethereum ziko Marekani na Ulaya, na hali hiyo haitabadilika kama kila mwendeshaji anatakiwa awe na umeme wa Frankfurt.

Ila tusiongeze chumvi. Kwa kiwango cha faida cha karibu asilimia 3 kwa mwaka, siku tano za kuzimika kwa mthibitishaji wa ETH 32 hazifikishi hasara ya ETH 0.03. Mwenye mthibitishaji mmoja nyumbani angeweza kuzima, akalala, na kuwasha baadaye. Ada za waendeshaji wanne kwa mwaka zinaweza kuzidi hasara anayojikinga nayo. Watetezi hawapendi kuifanya hesabu hii hadharani.

Na ile asilimia 99.94 niliyoitaja imesimama juu ya sharti moja: kwamba waendeshaji hawaanguki pamoja. Novemba 2022 kampuni ya Ujerumani ya Hetzner iliwafungia waliokuwa wakiendesha nodi za Solana, mtandao mwingine wa aina hii, kwenye seva zake, na zaidi ya asilimia 20 ya dhamana ya mtandao ule ikatoka hewani kwa siku moja. Oktoba 2025 hitilafu katika vituo vya data vya Amazon huko Virginia iliangusha huduma dunia nzima. Waendeshaji wanne wenye majina manne na nembo nne, wawili wakiwa wamekodi kwa mwenye nyumba mmoja, ni waendeshaji watatu kwa hesabu ya kweli, na kundi la watu hao halina akiba. Wateja huchagua kwa umaarufu na bei. Wanaouliza seva ziko wapi ni wachache.

Tena, hata programu inayowaunganisha waendeshaji ni chanzo cha kuanguka pamoja. Kwa muda mrefu SSV ilikuwa na programu moja tu ya nodi. Ya pili, Anchor, iliyoandikwa na kampuni ya Sigma Prime, ilikuja baadaye sana. Unaweza kutofautisha nchi, umeme na programu ya Ethereum, kisha kosa moja kwenye kiungo cha kati likawafikia wote.

Kuna hesabu nyingine inayopotoshwa kila siku. Tunaambiwa katika kundi la wanne ni lazima watatu waungane ndipo madhara yatokee. Kwa kuuunda upya ufunguo mzima, ndiyo. Lakini wawili wakiamua kugoma, sahihi ya tatu haipatikani na kundi limekufa. Na wawili wakiwa wadanganyifu, kila mmoja akasaini pande zote, wanachohitaji ni kumpotosha mmoja mwaminifu upande huu na mwingine upande ule. Vipande vitatu vinapatikana kwa kila sahihi, na zinapingana. Maafikiano ya kundi yamejengwa kuvumilia mkorofi mmoja kati ya wanne. Idadi ya kuihofia kwa hiyo ni wawili, na atakayekuambia watatu amesoma tangazo badala ya hesabu.

Turudi kwa wale 39, maana hapo ndipo jambo lilipo. Ufunguo unaweza kufika kwenye vipande kwa njia mbili. Njia ya kwanza: unautengeneza mzima kwenye kompyuta yako, kisha programu inaukata. Njia ya pili: waendeshaji wanakutana mtandaoni na kila mmoja anazalisha kipande chake kwa hesabu ya pamoja, na ufunguo mzima hauzaliwi mahali popote. Obol iliijenga kazi yake juu ya njia ya pili, na SSV inayo pia. Lakini mtu anayehama na mthibitishaji wake yuleyule kutoka kwa mwendeshaji mmoja kwenda kwenye kundi hana uchaguzi. Ufunguo wake ulishazaliwa mzima, na kuukata hakuuui. Faili lile linaweza kuwa bado kwenye kompyuta, kwenye nakala ya akiba, kwenye seva ya mwendeshaji wa zamani anayedhani mkataba unaendelea. Itifaki ya kundi inawazuia wanakundi kusaini mara mbili. Haina habari wala mamlaka juu ya nakala iliyobaki nje.

Ndiyo maana sikubali kwamba tukio lile ni kosa la watu tu. Mfumo unaokaribisha funguo zilizozaliwa nzima unakaribisha pia historia yake, na ulipaswa angalau kuweka sharti la kukaa kimya na kuangalia kama kuna sahihi za ufunguo huo zinazotoka kwingine kabla ya kuanza kazi. Programu kadhaa za wathibitishaji zina tahadhari ya namna hiyo: zinasubiri raundi mbili tatu za kura zikisikiliza. Ni ulinzi usiokamilika, na unagharimu dakika chache za mapato. Ni bei ndogo.

Baada ya kuzaliwa kwa ufunguo kuna swali la kifo chake, na hapa ndipo ninapowaelewa wakosoaji zaidi. SSV huvichapisha vipande vilivyosimbwa kwenye mnyororo wa Ethereum wenyewe, kila kimoja kikiwa kimefungwa kwa ufunguo wa mwendeshaji wake wa RSA, aina ya usimbaji ya siku nyingi. Uzuri wake ni kwamba mwendeshaji akipoteza diski, kipande chake kipo. Anakisoma upya na kuendelea. Ubaya ni kwamba kipo milele, na kwa kila mtu. Ufunguo wa RSA wa mwendeshaji ukivuja leo, vipande vyote alivyowahi kukabidhiwa na wateja wake vinafunguka kwa pamoja, hata vya miaka mitatu nyuma. Na kompyuta za kwantamu zikifika walikoahidi wanasayansi wake, RSA ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuanguka. Haki itendeke: sahihi za BLS nazo zitaanguka siku hiyohiyo, kwa hiyo mthibitishaji asiye na vipande hatakuwa salama pia. Tofauti ni kwamba Ethereum inaweza kubadilisha aina ya sahihi kabla ya siku hiyo. Kilichokwisha kuchapishwa hakifutiki. Kwa upande wa Obol vipande hukaa kwa waendeshaji wenyewe, kwa hiyo mzigo huu haupo, ila diski ikiungua bila nakala, kipande kimekwenda.

Kubadilisha waendeshaji ni tatizo ndugu. Mwendeshaji mmoja anakuudhi, unamtoa na kuweka mwingine. Ufunguo wa umma wa mthibitishaji haubadiliki, kwa hiyo ufunguo wa siri ni uleule. Unagawa upya kwa mkunjo mpya, na vipande vipya havichanganyiki na vya zamani. Lakini vya zamani bado ni vipande halali vya siri ileile. Watatu wa kundi la kwanza wakikutana baada ya miaka miwili na mafaili yao, wanao ufunguo. Nadharia ya kuvihuisha vipande mara kwa mara ipo tangu 1995, na yote inategemea waaminifu kuvifuta vile vya zamani. Kufuta hakuthibitishiki kwa mbali. Njia ya uhakika ni kumfunga mthibitishaji huyo na kuanzisha mwingine kwa ufunguo mpya, na Septemba 2025 foleni ya kutoka ilikuwa imepita siku 40.

Kuhusu ada sitakawia. Katika SSV mteja kwa muda mrefu alikuwa akiwalipa waendeshaji kwa tokeni, yaani sarafu ya mtandao huo wenyewe, na salio likishuka chini ya kiwango, mtu yeyote anaweza kuliondoa kundi lake kazini na kujipatia kilichobaki. Kuna waliosahau salio. Muda nao unalipwa: kura inatakiwa kutoka ndani ya sekunde nne za kwanza za zamu, na waendeshaji wanaoafikiana kutoka mabara tofauti wanakula sehemu yake kwa mazungumzo yao. Kwa kawaida wanaiwahi. Mwendeshaji aliye mbali mno huachwa nyuma na wenzake watatu, akilipwa kama wengine.

Mabadiliko ya Ethereum ya Mei 2025, yaliyoitwa Pectra, yamevuta kamba pande zote mbili. Adhabu ya mwanzo ya kusaini mara mbili imeshuka kutoka sehemu moja ya 32 ya dhamana hadi sehemu moja ya 4,096, kwa hiyo hofu iliyouza teknolojia hii imepungua nguvu. Mwenye anwani ya kutolea fedha sasa anaweza kumtoa mthibitishaji bila kuomba sahihi ya ufunguo wa uthibitishaji, na waendeshaji wawili waliogoma hawawezi tena kukushikia mali yako mateka. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mwenye kugawa kuliko kwa mwingine yeyote. Wakati huohuo mthibitishaji mmoja anaruhusiwa kubeba hadi ETH 2,048. Ufunguo uliokuwa ukilinda 32 unaweza kulinda mara 64 ya hapo, na kuuacha kwenye seva moja, chini ya mfanyakazi mmoja wa zamu ya usiku, kunazidi kuwa uzembe.

Kwa mwenye ETH zake 32 na seva sebuleni, ningemwambia asigawe, isipokuwa anafanya hivyo na marafiki anaowajua, walio nchi tofauti, na ufunguo ukazaliwa vipande tangu mwanzo. Kampuni inayobeba dhamana ya wateja naiona upande wa pili: kutogawa ndiko kunakohitaji maelezo sasa. Ila igawe kwa funguo mpya, ihamishe dhamana kwa kufunga wathibitishaji wa zamani hata kama foleni ni ndefu, na mkataba wake na waendeshaji utaje kituo cha data cha kila mmoja, pamoja na nani analipa wawili wakianguka siku moja. Kifungu hicho cha mwisho ndicho waendeshaji wengi watakachokataa kusaini.